Baba, Hoja ya Waruinge Hatukuimaliza

Chelsea, Massachusetts
Jumapili, saa nne usiku

Kwa Baba na Mama,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi ni mzima, ila baridi ya mwaka huu imeanza mapema na magoti yananisema kama ya mtu wa miaka sabini. Mama, majani ya chai yalifika salama. Nimeyaficha nyuma ya unga kabatini, maana wenzangu ninaoishi nao wakiyaona hayatamaliza wiki. Karo ya kitinda mimba nilituma Ijumaa. Ikifika Jumanne bado haijaingia kwa simu, mnijulishe.

Baba, siku ile nilikata simu kwa sababu muda wa mapumziko uliniishia, wala si hasira. Haya, hasira ilikuwepo kidogo. Nilikusikia ukimwambia mdogo wangu kwamba aliyeshindwa kwa pointi ameshindwa tu, na kwamba hata Philip Waruinge, bondia wetu wa Nakuru, na ustadi wake wote hakuwahi kuwa bingwa wa dunia, kwa hiyo afadhali atundike glavu arudi kwenye kozi yake ya umeme. Juu ya umeme sina neno, kozi aimalize. Ila hilo la Waruinge lilinikaa kooni zamu nzima. Wewe ndiye uliyekuwa ukinibeba mabegani kunipeleka kuona vijana wakirushiana makonde pale Madison Square Garden yetu. (Nikiwaambia watu wa huku kwamba Nakuru tuna Madison Square Garden wanacheka mpaka wanakohoa.) Wewe ndiye uliyenifundisha kumtazama bondia miguu kabla ya mikono. Leo unaniambia hesabu ni mkanda?

Sikiliza habari ya hapa ninapokaa. Chelsea ni kimji kilichobanana ng'ambo ya mto kutoka Boston, barabarani Kihispania kinasikika kuliko Kiingereza, na basi namba 111 ndilo linalonivusha daraja kila jioni nikienda kazini. Miaka mitatu nimeishi hapa nikidhani mji huu hauna habari nyingine ila kodi ya nyumba. Kumbe tarehe 26 Aprili 1906, hapa hapa, Jack Johnson alipanda ulingoni na kijana aitwaye Sam Langford. Johnson unamjua, ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzani wa juu. Langford je? Hata wewe, Baba, sikumbuki ukimtaja.

Alizaliwa Weymouth Falls, Nova Scotia, huko Kanada, akatoroka nyumbani bado mtoto kwa sababu ya kipigo cha baba yake. Akaja kuangukia Boston, akaokotwa na mwenye duka la dawa, Joe Woodman, aliyekuwa akiandaa mapigano. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia ukumbi wa mazoezi. Mwaka 1902 akaanza kupigana. Desemba 1903, mwaka mmoja na kitu tu baadaye, akapewa Joe Gans, bingwa wa dunia wa uzani mwepesi, na akamshinda kwa raundi 15. Sasa hapa ndipo utakaposhika kichwa: pigano halikuwa la mkanda, kwa kuwa Langford alizidi uzani. Bingwa akapigwa, akachukua mkanda wake, akaenda nao nyumbani! Mwaka uliofuata Langford akapambana na Joe Walcott, bingwa wa dunia wa uzani wa welter, ikatoka sare, na wengi waliokuwepo wakaona kijana ndiye aliyeshinda. Sare humwachia bingwa mkanda. Basi hiyo ni mikanda miwili iliyompita puani kabla hajakomaa.

Usiku ule wa Chelsea alikuwa na kilo 71 hivi, Johnson 84. Kimo chake ni futi 5 na inchi 7, mimi ningesimama naye bega kwa bega. Johnson alimwangusha na kumshinda kwa pointi, na magazeti ya wakati ule yaliliandika wazi. Baadaye Woodman akaanza kueneza kwamba Langford ndiye aliyemwangusha Johnson, akaurudia uongo huo mpaka watu wakauamini. Nakwambia hili ili usiseme mwanao anapamba hadithi. Alipigwa. Lakini alimaliza raundi 15 na mtu aliyemzidi kilo 13, naye Johnson akaondoka na funzo lake.

Maana Desemba 1908 Johnson aliupata ubingwa kule Sydney, baada ya kumfuata Tommy Burns, bingwa wa wakati huo, nusu ya dunia akimwomba nafasi. Akakaa nao hadi 1915. Miaka yote hiyo Langford alikuwa akikomaa na kunenepa, akiwalaza watu wakubwa kwake, akimwita Johnson hadharani. Johnson akamhepa. Alipigana na Wazungu, na alipokuja kumpa mtu mweusi nafasi ya mkanda, Paris mwaka 1913, alimpa Jim Johnson, si Langford. Mtu aliyezungushwa kwa sababu ya rangi yake naye akawazungusha wenzake wa rangi ileile. Sijui nimlaumu kiasi gani. Mapromota hawakutaka kulipa pesa nzuri kwa weusi wawili, na Johnson hakuwa mtu wa kuhatarisha mkate wake kwa senti chache. Lakini kuhepa ni kuhepa, Baba, na wewe ulikuwa hukubali hata kwenye draughts.

Ikabidi hao walionyimwa wapigane wenyewe kwa wenyewe. Langford, Harry Wills, Sam McVey, Joe Jeannette. Langford alikutana na kila mmoja wa hao watatu zaidi ya mara kumi. Ebu fikiria kupigana na mtu mmoja zaidi ya mara kumi! Walikuwa na ubingwa wao, "ubingwa wa dunia wa weusi", wakipokezana kama watu wanaoazimana koti. Jeannette na McVey walipigana Paris mwezi Aprili 1909 raundi 49. Jeannette alianguka mara 27, akainuka mara 27, na mwishowe McVey ndiye aliyeshindwa kuendelea. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupigania mkanda wenyewe.

Sasa nikupe kilichonifanya nianze kusoma habari zake. Kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi yupo mzee mmoja kipofu. Nikimwekea chai hanyooshi mkono hewani kuitafuta. Anaulaza mgongo wa kiganja juu ya meza, anausogeza polepole mpaka kidole kidogo kiguse kikombe, ndipo anageuza mkono na kukishika, wala tone halimwagiki. Usiku mmoja nilimsifu. Akasema hivyo ndivyo Sam Langford alivyokuwa akipigana. Nikamuuliza, nani huyo? Akanitazama kwa macho yale yasiyoona, kama mtu aliyetukanwa.

Mwaka 1917 Langford aliharibika jicho akipigana na Fred Fulton, na lile lingine likaanza kufifia. Hakuacha, angekula nini? Alimsogelea mpinzani mpaka wagusane, akishamgusa anajua mbavu ziko wapi na kidevu kiko wapi. Juni 1922, akiwa karibu kipofu na umri umekwenda, alimlaza Tiger Flowers raundi ya pili huko Atlanta. Huyo Flowers, mwaka 1926, akawa mtu mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa uzani wa kati. Mwaka 1923 kipofu wetu akaenda Mexico, akatwaa ubingwa wa uzani wa juu wa nchi ile. Wanasimulia pia kwamba katika pigano moja alinyoosha glavu kumsalimia mpinzani, desturi ya raundi ya mwisho. Mwenzake akashangaa, akamwambia raundi ya mwisho bado. Langford akamjibu: kwako ndiyo hii.

Mwaka 1944 mwandishi wa gazeti, Al Laney, alimtafuta New York, akaambiwa na wengi kwamba alikwisha kufa. Akamkuta Harlem katika chumba cha kupanga, kipofu, senti chache mfukoni. Habari ilipotoka, wasomaji wakachanga maelfu ya dola. Alifariki Januari 1956 katika makao ya wazee Cambridge, mji uleule ninakofanya kazi. Si makao haya yetu, nilishauliza. Ila nikimfunga mzee wangu vifungo vya shati asubuhi huwa najiuliza ni nani aliyemfunga Langford.

Najua utakavyojibu. Utasema Langford alinyimwa, Waruinge alipewa. Ni kweli, na hapo una hoja. Ngoja nami nikukumbushe yale uliyonisimulia mwenyewe, ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Nusu fainali ya uzani wa feather, Waruinge dhidi ya Antonio Roldán, Mmexico, mbele ya Wamexico. Majaji 3 kwa Roldán, 2 kwa Waruinge. Roldán akaenda kupata dhahabu, tena kwa mpinzani wake wa fainali kuondolewa na refa kwa kosa la kichwa. Lakini kombe la Val Barker, la bondia stadi kuliko wote katika michezo ile, walimpa nani? Walimpa kijana wa Nakuru mwenye shaba. Munich 1972 akafika fainali, akakutana na Mrusi Boris Kuznetsov, 3 kwa 2 tena.

Mdogo wangu juzi alishindwa ngapi kwa ngapi, Baba? Ulisema "kwa pointi". Yeye aliniambia 3 kwa 2. Simfananishi na Waruinge, Mungu apishe mbali, kwanza mkono wake wa kushoto unashuka akichoka, hata kwenye video nimeuona. Lakini hesabu ni hiyohiyo na hukuitaja.

Kisha Waruinge akaingia ndondi za kulipwa, akaenda Japani, mabango yakamwandika Waruinge Nakayama. Nafasi aliyopewa ilikuja Aprili 1976, akiwa na miaka 31, na ilikuwa Panama, dhidi ya Mpanama Rigoberto Riasco. Akashindwa kabla raundi hazijaisha. Sisemi aliibiwa. Nasema ukimpa mtu nafasi akiwa ameshapita miaka yake mizuri, ugenini, usije ukasema ulimpima.

Hapa kazini ninaye rafiki Mtanzania. Nilipomsomea habari hizi akaruka: "Na Titus Simba je?" Edinburgh 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola, ileile ambayo Waruinge alichukua dhahabu yake ya pili. Simba alifika fainali ya uzani wa kati akashindwa na Mwingereza John Conteh. Miaka 4 baadaye Conteh akawa bingwa wa dunia, London. Mtu hushindwa na bingwa wa kesho akarudi Dar es Salaam na fedha yake, na wa kesho akarudi kwa mapromota wake. Tulinyamaza kidogo, kisha tukabishana ni nani angemshinda nani kati ya Simba na Waruinge kama uzani usingekuwepo. Ubishi wa kipuuzi, ulitusaidia kumaliza zamu.

Wako pia walionyimwa na serikali zao. László Papp wa Hungary alitwaa dhahabu 3 za Olimpiki, 1948, 1952 na 1956, akawa bingwa wa Ulaya katika ndondi za kulipwa, hakupoteza pigano hata moja. Alipokaribia mkanda wa dunia, wakubwa wa nchi yake wakamkatalia kibali cha kusafiri. Bondia Teófilo Stevenson wa Cuba naye mlango huo aliufunga mwenyewe, alikataa mamilioni ya dola ili asiingie ndondi za kulipwa. Robert Wangila, bondia wetu wa Kenya, sitaki kumwandika kwa urefu. Dhahabu ya Seoul 1988, na mwaka 1994 akafa Las Vegas baada ya pigano. Mama ndiye aliyelia siku ile, wewe ulitoka nje.

Kwa hiyo, Baba, ukimwambia mdogo wangu aache kwa sababu ya ubongo wake, nitakuunga mkono kesho asubuhi. Ukimwambia aache kwa sababu Waruinge hakupata mkanda, tutakosana.

Glavu zake nimempa jirani yetu wa kule Lowell anayekuja Krismasi. Ni aunsi 14, za 16 zilikuwa zimekwisha dukani. Mwambie asizianike juani zikilowa jasho, azijaze karatasi za gazeti ndani usiku kucha na kuzitundika mahali penye upepo. Na wewe ukipata nafasi fungua lile sanduku la bati, unitafutie picha uliyopiga ukumbini ukiwa kijana. Mzee wangu hawezi kuiona, lakini ameniomba nimweleze nani amesimama wapi.

Binti yenu