Shimo limenyonywa juzi, mbona limejaa tena?

Masika yakiingia Bonde la Kilombero, simu nyingi tunazopokea kutoka vijijini huwa na swali hilo hilo. Mteja anataka gari letu la kunyonya majitaka lirudi. Tunamwomba asubiri, kwa sababu gari likirudi atalipa upya na baada ya wiki chache choo kitagoma tena.

Mfumo wa majitaka wa nyumbani una sehemu mbili. Ndani ya tangi uchafu unatulia: tope linazama, mafuta yanaelea, maji ya katikati yanatoka kwa bomba. Sehemu ya pili ni shimo la kunyonya, yaani shimo ambalo udongo wake hunywa maji hayo na kuyarudisha ardhini. Tangi likiachwa miaka mingi bila kunyonywa na gari, tope hupanda hadi kwenye bomba la kutokea, likaenda kuziba udongo wa shimo la pili. Hapo ukinyonya tangi kila mwezi hujatibu kitu; kinachotakiwa ni shimo jipya la kunyonya. Na kwetu bondeni kuna jambo la ziada: masika maji ya ardhini hupanda, shimo likajaa kutokea nje.

Sisi hukadiria lita 40 za tope kwa kila mtu kwa mwaka. Familia ya watu 6 ni lita 240. Tangi la lita 3,000 litafikisha theluthi ya tope baada ya miaka minne hivi, na huo ndio wakati wa kunyonya, hata kama choo bado kinapitisha vizuri. Kupima ni rahisi: mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe huzamishwa hadi chini, na doa jeusi linaonyesha kina cha tope. Hakuna anayeingia tangini, hata kwa dakika moja. Hewa ya mle inaua, na mara nyingi anayemfuata mwenzake kumwokoa naye hufa.

Panga kunyonya kati ya Agosti na Oktoba. Tangi likinyonywa lote wakati ardhi imejaa maji, kuta za tofali zinaweza kubomokea ndani, na tangi la plastiki linaweza kuibuka juu kama mtumbwi.

Anayejenga upya aanze na udongo. Chimba kishimo, jaza maji usiku kucha, asubuhi ongeza maji na uangalie yanashuka kwa kasi gani. Kwenye mfinyanzi yatabaki yalipo. Shimo la kunyonya liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako chake kiwe mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Katika sehemu kubwa ya bonde, jambo hilo haliwezekani kwa kuchimba kwenda chini, kwa hiyo tunainua: choo kinachopandwa kwa ngazi, na maji yanasambazwa kwenye tuta la mchanga na kokoto.

Linalotuumiza zaidi ni shule na zahanati. Mradi unajenga, unakabidhi, unaondoka. Miaka michache baadaye hakuna mwenye mchoro, mfuniko umesakafiwa, na mwalimu mkuu hajui hata tangi liko upande gani. Vijiji vingi vina jumuiya ya watumia maji, yenye mfuko na fundi, chini ya usimamizi wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, tangu 2019. Bomba lina mwenyewe. Maji yakishatumika, hayana. Kwa maoni yetu jumuiya hiyo hiyo ingeweza kutunza daftari la mashimo ya kijiji na kutenga fedha kidogo kila mwezi kwa ajili ya vyoo vya shule na zahanati.

Gharama kubwa ya kunyonya ni safari ya gari kutoka mjini. Kwa hiyo tunapokea oda za pamoja: kaya kumi za kitongoji kimoja zikijiandikisha wiki moja, safari inagawanywa. Kabla ya kufika tunakubaliana na serikali ya kijiji tope litazikwa wapi, mahali pa mwinuko, mbali na visima. Hatumwagi mtoni wala kwenye mashamba ya mpunga, na mteja akitusihi tufanye hivyo tunaacha kazi.

Ukipiga simu tuambie mko watu wangapi, shimo lilinyonywa mwaka gani, mfuniko unaonekana au la, na kisima kilicho karibu kiko hatua ngapi, hata kama ni cha jirani.