Ndala yangu imebaki Amani

Muheza, Jumatatu

Kwa shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Huku tuwazima, magoti yangu tu ndiyo yanalalamika. Sababu utaijua.

Jumamosi nilipanda Amani na binti yangu. Unakumbuka tulivyokuwa tukiwafunga kereng'ende uzi mkiani tukawarusha kama tiara? Basi nimekwenda kuwaomba radhi. Yupo mmoja mwembamba ambaye duniani kote anajulikana kwenye kijito kimoja tu, humu humu msituni Amani. Wataalamu walimwita Amanipodagrion gilliesi mwaka 1962: mbele Amani yetu, nyuma Gillies, mtafiti wa mbu aliyefanya kazi kwenye kituo cha malaria cha pale.

Sikumwona. Nilichutama juu ya jiwe saa mbili nzima, nikateleza, ndala ya kulia ikaenda na maji.

Lakini nilichokiona, shoga! Alikuwepo wa aina nyingine, mgongo wa buluu, hafiki njiti ya kiberiti, mbawa kazifumba mgongoni. Kakaa juu ya gogo lililooza, nusu limo majini. Akaja jike, wa kahawia tu, hana makuu. Dume akaruka akasimama hewani mbele ya uso wake, akaitandaza miguu: mbele myeupe kama soksi za shule, nyuma myekundu, inatetemeka hata macho hayaikamati. Binti yangu akasema, "Mama, anaposa." Na kweli, mahari ni lile gogo! Jike alipokubali alishuka kupachika mayai kwenye mti uliolowa, bwana yuko juu yake analinda.

Kule chini, penye mashamba ya iliki, kivuli kimekatwa na magogo yamekwenda kuwa kuni. Maji rangi ya chai ya maziwa. Nilitembea kijito kizima nisione hata mmoja. Watoto wao hukulia majini na kupumua mlemle, sasa kwenye tope lile watapumua nini? Nilikasirika, halafu nikakumbuka kuni za jikoni kwangu zinatoka wapi. Nikanyamaza.

Vijito hivyo vyote vinaingia mto Zigi, na Zigi ndiyo unayochemshia chai huko Tanga. Kwa hiyo ndala yangu ikifika bwawani Mabayani, usishangae chai ikikubadilikia ladha.

Ukija Idi niletee nyingine, namba 39. Ya kushoto ninayo, ila dukani hawauzi mojamoja.

Wako,
Mama Rehema