Mwanangu, nyumba isikuchoshe

Kamwene, mwanangu mpendwa.

Huku kwetu Iringa baridi ya Juni imeshaingia. Sisi wazima. Bibi yako analalamikia magoti kama kawaida yake, lakini anakula vizuri na bado anagombana na kuku wa jirani.

Juzi kwenye simu uliniambia jambo ambalo limenikaa kichwani. Ulisema ukishuka daladala pale Tabata bado una nguvu, ila ukifungua tu mlango wa nyumbani unachoka. Mtoto akaanza kulia tukaachia hapo, nami nikaona heri nikae nikuandikie.

Kwanza uondoe lile wazo kwamba wewe ni mvivu, au kwamba dada anayekusaidia ni mvivu. Nilipokuja Pasaka nilikuta sakafu inang'aa na sufuria zimesuguliwa hadi chini. Uchafu hamna. Mna vitu. Dada wa watu anapiga deki kila asubuhi kwa kuyazunguka masanduku, na wewe ukitaka kukaa kwenye kochi lazima kwanza uhamishe nguo zilizoanuliwa jana.

Unajua kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu imepita wodi ya wazazi. Miaka michache kabla sijastaafu walikuja wenzetu kutufundisha 5S, ule utaratibu wa Kijapani ambao kwa hospitali za hapa nchini ulianzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la maendeleo la Japani. Sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Tuliguna. Sisi tuliofagia uwanja wa shule tangu darasa la kwanza, leo tunafundishwa usafi na mtu mwenye projekta! Lakini ukiangalia vizuri, kusafisha ni jambo la tatu. Mbele yake kuna kusasambua: unatoa kila kitu kabatini, unatenga kinachotumika, kisichotumika, na kile ambacho kila mtu anasema "huenda tukakihitaji." Kabati moja tu la wodi lilitoa mashine ya presha isiyo na mpira, mikasi isiyokata hata uzi, maboksi matupu ya glovu na fomu zilizokwisha kubadilishwa zamani. Hivyo vyote tulikuwa tunavisogeza kila siku kutafuta kitu kingine nyuma yake.

Vitanda vibovu vilichukua muda zaidi kuondoka, maana mali ya serikali huwezi kuitupa hivi hivi, mpaka ikaguliwe na ifutwe kwenye daftari. Wewe kwako huna kibali cha kusubiri. Kamati ni wewe na mumeo.

Ngoja nikueleze kitu kuhusu ile meza ya wodini ya kuhudumia watoto wachanga, kwa sababu ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Mtoto akizaliwa asipopumua, una dakika moja. Tulifundishwa kuiita dakika ya dhahabu. Ndani yake uwe umemkausha, umemsugua mgongo aamke, na kama bado, uwe umeanza kumpa hewa kwa ambu begi, lile begi la mpira la kuminya kwa mkono. Dakika moja hiyo ukiitumia kutafuta barakoa ndogo chini ya maboksi, basi tena. Sasa kuna wakunga ambao watu huwaona wakati huo wakasema, yule ana moyo wa jiwe, hatetemeki. Hakuna cha moyo wa jiwe. Alipopokea zamu alfajiri alikwenda pale mezani, akaliminya begi asikie kama linapuliza, akaangalia barakoa zote mbili, akahesabu vitambaa vikavu, akarudisha kila kimoja mahali pake. Mkono wake ulikuwa unajua pa kwenda kabla mtoto hajazaliwa.

Ndiyo maana ukiniambia unataka kupanga nyumba ipendeze kama zile za kwenye Instagram, zenye vikapu vyeupe na maua ya plastiki, mimi sina la kukusaidia. Panga kwa ajili ya ule usiku. Unaukumbuka usiku mjukuu wangu alipochemka homa, umeme umekatika, ukanipigia huku unatafuta kipimajoto kwa mwanga wa simu? Kadi yake ya kliniki ilikuja kuonekana kesho yake ndani ya ile pochi uliyoendea harusini. Basi anzia hapo. Droo moja, ya juu, ambayo kila mtu mzima wa nyumba hiyo anaijua: kadi ya kliniki, kadi za bima, kipimajoto, tochi yenye betri, akiba ya funguo. Vyeti vyenu na vitambulisho kwenye bahasha moja ngumu. Dawa ziwe juu zaidi, mbali na mtoto, na zilizopita muda zitoke. Nilipochungulia niliona sirapu ya kikohozi ya wakati hata hujaolewa.

Jikoni nako kuna ile mifuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, kila ukienda sokoni unanunua mwingine wa kitambaa kwa sababu ulisahau wa nyumbani, na sasa una mfuko mkubwa uliojaa mifuko. Bakiza michache mizuri, mmoja ukae ndani ya mkoba wako wa kazini. Unga na maharage fanya kama tulivyofanya stoo ya dawa: kinachowahi kuharibika kinakaa mbele, kipya kinaingia nyuma. Hutakuta wadudu tena.

Vyombo vya kicheni pati ndivyo vitakavyokupa shida, najua. Hotpoti ngapi zile? Na seti za glasi ambazo hazijatoka kwenye boksi kwa sababu zinasubiri wageni. Wageni gani, mwanangu? Mnakunywa maji kwenye vikombe vya plastiki vilivyopauka na vioo vimelala. Zitoe glasi, mzitumie, zikivunjika zimevunjika. Hotpoti bakiza zinazotosha siku ya wageni wengi, nyingine mpe binti wa shangazi yako, anaolewa Desemba na hajui aanzie wapi. Aliyekupa hatakuja kuhesabu. Na akihesabu, mwambie mama kasema.

Magauni ya sare je? Kila harusi mliyokaa kamati mna kitenge chake, na hakuna mtu anayevaa sare ya harusi ya watu wengine mara mbili. Kitambaa ni kizuri, fundi akitengenezee mito ya kochi au nguo za mtoto. Ila tahadhari na wale vijana wanaopita mtaani kubadilisha nguo kuukuu kwa vyombo. Utatoa magauni, utaingiza mabeseni, na mabeseni hayo mengi uliyonayo yameingia kwa njia hiyohiyo.

Madumu ya maji usiyaguse. Kuna watu watakushauri utoe kila kitu kinachoharibu sura ya nyumba, lakini hao maji yao hayakatiki. Dumu linalofanya kazi si mrundikano. Yafunike tu, yote, hata yale ya nje. Mbu wa dengue anazaa kwenye maji safi yaliyotuama, na mwaka 2019 mliona wenyewe alivyoisumbua Dar. Na nguo zinazoning'inia nyuma ya mlango wa chumbani mziondoe, mbu hupenda kujificha pale kwenye giza.

Nimefika kwenye lile nililokuwa naliogopa kidogo. Vitu vya baba yako.

Siku ya kumaliza matanga wazee waligawa nguo zake, unakumbuka. Baba mdogo alichukua suti, shemeji zake mashati, yule kijana aliyekuwa akimsaidia shambani akapewa viatu, akavivaa palepale. Wewe ulikasirika. Ulisema marehemu hata hajapoa wanagombania nguo. Ukabeba koti, redio, kofia tatu, miwani, daftari za mbolea na lile begi la chuma, na vyote viko uvunguni mwa kitanda chako hadi leo. Sikukukataza, na wala sikukatazi sasa. Lakini nakuambia nilichokiona. Yule kijana bado anavaa vile viatu. Kila nikimwona analima navyo namwona baba yako anapita, na sijisikii vibaya hata kidogo. Vya kwako vinakula vumbi na panya, na kila ukifagia uvunguni unafadhaika, unasema utavishughulikia siku ukiwa na nguvu.

Redio ipeleke kwa fundi, iimbe jikoni asubuhi kama alivyokuwa akiipenda. Koti mpe mumeo. Dar hana haja nalo, lakini akija huku Julai atalihitaji. Daftari za mbolea nirudishie mimi, humo kuna hesabu za shamba ninazozitafuta. Miwani na kofia amua mwenyewe, na ukishindwa kuamua, viweke kwenye boksi moja, andika tarehe juu, uviangalie tena mwakani. Wodini tulifanya hivyo kwa vile vya "huenda."

Mambo ya kila siku ni madogo. Usiku kabla ya kulala pitisheni macho kama watu wanaokabidhi zamu: meza ya chakula iwe tupu, vyombo vimeoshwa, funguo mahali pake, begi la mtoto tayari. Robo saa inatosha, na mumeo naye ana mikono. Msipange nyumba nzima Jumamosi moja, mtaishia kugombana saa nane mchana vitu vyote vikiwa katikati ya sebule. Kabati moja, likiisha ndiyo jingine.

Masanduku ya wifi yako yale mawili nitampigia mimi. Alisema anayaacha wiki moja akienda Mwanza, na nyumba yako si stoo ya ukoo. Wewe usiseme chochote, isije ikawa maneno.

Nitakuja baada ya mavuno nikiwa na mahindi na viazi, gunia nusu tu safari hii. Msalimie sana mkwe wangu. Mwambie ile TV ya chogo iliyo nyuma ya mlango, ambayo kila mwaka anasema kuna fundi Kariakoo, wale wa vyuma chakavu hupita huko kwenu na mizani yao. Asimame mlangoni awasubiri.

Mama yako