Harusi yetu iligharimu Sh3,200,000, na mama bado ananidai

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hulijadili kwenye daladala na jikoni, lakini likifikishwa mbele ya kikao cha ukoo kila mtu hukohoa na kuangalia viatu vyake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Mbagala jijini Dar es Salaam, na niliolewa mwaka huu, Jumamosi ya tatu baada ya Pasaka. Sherehe yote, kuanzia pete hadi mkaa wa kupikia, iligharimu Sh3,200,000. Naitaja hesabu hii mwanzoni kwa sababu nimechoka kuvutwa pembeni na wasichana wenzangu wanaoniuliza kwa kunong'ona, kana kwamba tulifanya jambo la aibu.

Mambo hayakuanza hivyo. Kikao cha kwanza cha kamati kilifanyika nyumbani kwa baba mkubwa wa mchumba wangu, naye ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti. Makadirio yaliletwa yakiwa yamekwisha kuchapwa: wageni 300, chakula cha Sh20,000 kwa sahani ambacho peke yake kilikuwa Sh6,000,000, vinywaji Sh3,600,000, ukumbi Sh2,500,000, mapambo Sh2,000,000, kisha picha na video, mshereheshaji, magari, keki, kadi, matarumbeta na dharura, hadi jumla ikatua kwenye Sh20,000,000 kamili. Mchumba wangu ni fundi umeme. Akiba yetu sote wawili, tuliyoikusanya kwa mwaka mmoja na nusu kutokana na mchezo wa walimu pamoja na kazi zake za mkononi, ilikuwa hizo Sh3,200,000 nilizozitaja, na hakuna mtu kikaoni aliyetuuliza.

Watu wakaahidi, na waliahidi kwa moyo mkunjufu, kwa makofi na vigelegele. Mweka hazina alipofunga daftari usiku ule, ahadi zilikuwa Sh11,400,000 na fedha taslimu zilizokuwa mezani zilikuwa Sh640,000. Mwenyekiti akatangaza kwamba tumekwisha kuvuka nusu. Nilipomtazama mchumba wangu nilimwona akitazama zile noti mezani, na ndipo nilipojua kwamba tunawaza jambo moja.

Mtu asiyewahi kukaa karibu na kamati ya harusi huenda asione tatizo, kwa hiyo niruhusu nieleze jinsi ahadi inavyogeuka deni. Mwenye ukumbi anataka malipo ya awali, mpambaji anataka nusu, mpishi anataka fedha za kwenda sokoni, na wote hao hulipwa kwa fedha taslimu. Kwa kuwa makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, Jumamosi zinazofuata Pasaka hugombaniwa, hivyo ukichelewa kulipa nafasi yako anapewa mwingine na ulichotanguliza hakirudi. Wiki ya mwisho mweka hazina hupiga simu ambazo hazipokelewi. Pengo linalobaki halizibi mwenyekiti, halizibi pia yule mjomba aliyeahidi kreti kumi. Huliziba bwana harusi, na mara nyingi bibi harusi, kwa mkopo. Mwalimu mwenzangu alikopa kwenye Saccos siku nne kabla ya harusi yake ili kumalizia ukumbi na vinywaji, akakatwa mshahara kwa miezi 24. Mtoto wao alizaliwa, akatambaa, akaanza kutembea, na makato yalikuwa bado yanaendelea. Kamati yake, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kuvunjwa siku nyingi, tena kwa mbuzi na bia, maana ni desturi kwamba kamati haivunjwi kwa midomo mikavu.

Halafu kuna suala la kadi. Kadi zetu zilipangwa ziwe Sh50,000 kwa mtu mmoja na Sh100,000 kwa wawili, na asiyekamilisha mchango hapati mwaliko. Niliwaza juu ya mwalimu wangu wa darasa la kwanza, mama mstaafu anayeuza maandazi Mtoni, ambaye ndiye aliyenishika mkono nikaandika jina langu kwa mara ya kwanza. Kwa utaratibu ule asingeniona nikiolewa, ilhali mtu ambaye mchumba wangu hajawahi kumsalimia angeketi meza ya mbele kwa sababu amelipia dabo.

Kabla ya kikao cha pili nilisoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa kuwa nilitaka kujua ni yapi hasa tusiyoweza kuyakwepa. Sheria inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku zisizopungua 21 kabla, inataka mashahidi wasiopungua wawili, na inasema ndoa haiwi batili eti kwa sababu desturi za mahari hazikukamilishwa. Usharika wetu ulitaka ndoa itangazwe Jumapili tatu na sisi tuhudhurie mafundisho kwa mchungaji. Nilitafuta mahali panapotaka ukumbi wenye viti vilivyovishwa nguo, sikupaona. Jirani yangu wa Kizanzibari alicheka nilipomsimulia, akaniambia kwamba kaka yake alifunga nikaha msikitini baada ya sala ya alasiri, watu wakala halua, wakanywa kahawa, wakaenda zao.

Kwa hiyo kwenye kikao cha pili mchumba wangu alisimama, akawashukuru wazee, akaomba kamati isitishwe na fedha zilizokwisha kutolewa zirudishwe. Nakiri, Mhariri, kwamba hapa tulikosea namna, ingawa sidhani kama tulikosea shabaha. Tuliwarudishia watu fedha zao kwa simu, pamoja na za kutolea, tukidhani tunaonyesha uaminifu. Shangazi yake mmoja alitupigia akilia. Kwake yeye, kumrudishia mtu mchango wake ni kumwambia kwamba hahitajiki, na mpaka leo ile Sh30,000 aliirusha tena kwetu mara mbili na sisi tumeiacha ikae. Tungewaendea watu nyumbani kwao kwanza, tukazungumza, ndipo tukarudisha.

Lakini mtu niliyemuumiza zaidi ni mama yangu mzazi. Kwetu, upande wa mwanamume hufanya harusi na upande wa mwanamke hufanya send-off, na ile ndiyo siku ya mama wa binti. Mimi niliifuta, nikasema itakuwa sherehe moja ya mchana kwa pande zote mbili. Mama hakunijibu. Aliingia chumbani akatoka na daftari la kaunta lenye jalada jeusi lililobandikwa kwa gundi ya karatasi, akaliweka mapajani mwangu. Kurasa za mwanzo zilikuwa za mwaka 1996, alipokuja mjini. Kila harusi, kila send-off, kila kitchen party aliyowahi kuchangia ilikuwa imeandikwa humo kwa mwandiko wake ulioinamia kushoto: mama fulani, binti wa kwanza, Sh2,000, mama fulani, binti wa pili, Sh5,000 na doti ya kitenge, mzee fulani, Sh20,000, imelipwa kwa awamu mbili. Mwaka ambao baba alikuwa hana kazi, mwaka ambao mimi nilirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, aliandika michango saba.

Akaniambia, "Hii ndiyo benki yangu, mwanangu. Unataka niifunge kabla sijatoa hata shilingi?"

Sikuwa na jibu, na wanaoandika kwamba michango ni ujinga mtupu wangefaa waketi pale nilipoketi mimi jioni ile. Kwa mama yangu mchango ulikuwa akiba, aina ya upatu usio na tarehe, uliowabeba wanawake wasiokuwa na akaunti wala dhamana. Alitoa kwa miaka yote hiyo akijua kwamba zamu yake itafika siku nitakapoolewa mimi, binti yake. Ubaya ni kwamba upatu huu umeacha kufuata uwezo wa wanaoucheza. Sh2,000 za mwaka 1996 zilitoka kwenye biashara ya mama ya wiki nzima, lakini zilitoka. Leo kiwango hupangwa na bei ya ukumbi, si na mfuko wa mchangaji, na mtu mwenye kadi saba za Desemba kwenye simu yake hawezi kuzilipa zote na bado akanunua unga.

Tulipatana hivi. Mama aliwatembelea wale walioko kwenye daftari, wale anaowafahamu vizuri, akawaeleza kwamba hakutakuwa na send-off wala kadi, lakini anayetaka kumtua mzigo alete kitu cha kutumia nyumbani, kipya au kilichotumika. Na mimi nikakubali matarumbeta. Nilikuwa nimeyafuta kwenye hesabu, yeye akasema mtoto wake hatatoka nyumbani kimya kimya kama anayehama kwa kodi, kwa hiyo Sh250,000 zikaenda huko.

Zilizobaki tulizigawa kwa kujibana. Tulichagua ibada ya saa 4 asubuhi na chakula cha mchana katika ukumbi wa usharika, ambao ulitugharimu Sh150,000 pamoja na usafi, na uamuzi huo wa mchana ndio uliookoa fedha nyingi kuliko mwingine wowote, maana uliondoa bia, taa na chakula cha usiku kwa mpigo mmoja. Chakula kilikuwa Sh950,000: tulinunua wenyewe mchele kilo 30, nyama kilo 35, kuku, viungo na matunda, tukamlipa mpishi na wasaidizi wake ujira wao. Soda na maji yalichukua Sh250,000, shela ya kukodi Sh180,000, suti ya kushonesha Sh220,000, pete mbili Sh300,000. Mpiga picha alilipwa Sh300,000 bila video, keki iliokwa na mwalimu mwenzangu kwa Sh120,000, na spika zilikodiwa kwa Sh130,000, binamu yangu akiwa mshereheshaji.

Mapambo yalinifundisha jambo ambalo wasomaji wako wanaopanga kuoa au kuolewa wangefaa kulijua. Nilimpigia simu mpambaji mmoja nikamwambia nina shughuli ya watu 110. Akaniuliza ni shughuli gani, nikasema harusi, akaniambia Sh450,000. Wiki iliyofuata dada yangu alimpigia huyo huyo, akaomba vitambaa vile vile na viti vile vile kwa ajili ya mahafali, akaambiwa Sh180,000. Sikumwendea tena. Ndugu zangu walitandaza vitenge vya mama mezani, wakanunua maua na riboni, kazi yote ikaisha kwa Sh200,000.

Siku yenyewe haikuwa bila dosari, nami sitaki kuwapaka wasomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Tulikuwa tumealika watu 110. Yale matarumbeta, yakiwa juu ya gari dogo la mizigo, yalizunguka mitaa mitatu kabla ya kufika kanisani, na kila yalipopita yaliokota watu: watoto, akina mama wa genge, vijana wa bodaboda. Kufikia saa 7 mchana ukumbi ulikuwa na watu wapatao 150, na mpishi alinitumia ujumbe kwa mkono wa mdogo wangu kwamba sufuria la pili limeanza kuonyesha chini. Tulikuwa na akiba ya Sh150,000 tu. Mume wangu, akiwa bado amevaa suti, alitoka kwa mlango wa nyuma na msimamizi wake wakapanda bajaji, wakarudi na chapati za wauzaji wanne tofauti, ndoo ya maharage ya nazi na kreti za soda. Meza za nyuma zilikula chapati na maharage. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alikuwa meza ya mbele, na yeye alikula pilau.

Saa 10 alasiri tulikuwa tumekwisha kufagia. Usiku ule hatukuwa na senti mkononi, lakini hapakuwa na mtu wa kutupigia simu kutudai.

Ninachoomba kwa wenyeviti wa kamati, ambao najua wengi hulisoma gazeti hili, ni mambo machache tu. Kabla hamjaandika idadi ya wageni, waulizeni wanaooana wana kiasi gani mkononi, na makadirio yaanzie hapo. Msikodi kitu kwa ahadi. Na kila kamati itenge walau meza mbili kwa ajili ya watu ambao hawatadaiwa chochote, wakachaguliwa na bwana na bibi harusi wenyewe, pasipo mweka hazina kupitia majina yao.

Kuhusu daftari la mama: alilileta nyumbani kwetu wiki mbili baada ya harusi, tukaliweka mezani kando ya jiko la gesi lililoletwa na mama mmoja wa Tandika kwa ajili ya Sh5,000 za mwaka 2001. Godoro limefika, gunia la mchele limefika, vyungu, mashuka, kuku wawili wa mayai. Kila kitu kinapoingia, mama hukata jina kwa kalamu nyekundu. Yamebaki majina 41, na ananikumbusha idadi hiyo kila anapokuja kutusalimu.

Mwalimu, Mbagala, Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa)