Mnyama aliyeokolewa apewe muda kabla ya kurudishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji wanaofikiria kumchukua mbwa au paka aliyeokolewa, na hasa wale ambao tayari wanaye nyumbani na wameanza kujuta. Wanaorudishwa wengi hurudishwa mapema, kabla hata hawajazoea sauti ya mlango. Sababu zinazotolewa ni zilezile: hataki kula, anaharisha, anajificha, ananguruma, anakojoa ndani. Karibu zote zinaelezeka na nyingi zinatibika, ila mtu awe na subira.

Sisi tunaowahudumia wanyama hawa tuna kipimo cha siku 3, wiki 3 na miezi 3. Siku 3 za kwanza mnyama amejaa hofu. Wiki ya 3 anaanza kuijua ratiba ya nyumba, na tabia zake halisi, nzuri na mbaya, hujitokeza. Mwezi wa 3 ndipo anaanza kujiona wa hapo. Ni makadirio tu, na aliyepigwa au kufungwa mnyororo kwa muda mrefu huhitaji zaidi. Kosa kubwa hutokea mwanzoni kabisa. Mbwa amelala kimya pembeni, watu wanasema ni mpole, wanaita watoto na majirani waje wamshike. Mtazameni vizuri: amefyata mkia, masikio yamelala nyuma, anapiga miayo bila usingizi, analamba pua, na weupe wa jicho unaonekana pembeni. Huyo ameganda kwa woga. Wiki ya pili akipata nguvu ya kunguruma, nyumba nzima inasema amebadilika.

Na akinguruma, asipigwe. Kunguruma ni onyo. Mbwa anayeadhibiwa kwa kuonya hujifunza kuuma bila kuonya. Kama analinda bakuli, usimnyang'anye chakula ili kumwonyesha nani mkubwa. Simama mbali, mrushie kipande cha kitu kitamu kuliko alichonacho, kisha uondoke. Rudia kila mlo, ukisogea hatua moja tu pale anapokuwa ametulia, na watoto wakae mbali kabisa na bakuli hilo.

Sasa chakula, maana hapa huruma yenyewe huua. Mbwa aliyekonda hadi mbavu na nyonga kuhesabika hapaswi kupewa sinia limejaa. Mwili ulioshinda na njaa kwa muda mrefu umemaliza akiba yake ya madini. Chakula kingi kikiingia ghafla, hasa cha wanga, insulini hupanda, na fosforasi, potasiamu na magnesiamu iliyobaki kwenye damu hukimbilia ndani ya seli. Misuli inalegea, moyo unapiga ovyo, na mbwa anaweza kufa siku chache baada ya kuanza kula vizuri, wenyewe wakidhani amelishwa sumu. Anza na robo ya mlo wa siku unaomfaa mbwa wa uzito wake, uigawe mara 4 hadi 6, na uongeze kidogo kidogo mpaka ufikie kipimo kamili baada ya siku 7 hadi 10. Chakula kiwe na protini na mafuta zaidi kuliko wanga, na maji yawepo saa zote. Aliyedhoofika sana aonwe kwanza na daktari wa mifugo ili damu ipimwe.

Kuvuta ngozi ya shingo ili kujua kama amepungukiwa maji hudanganya kwa mbwa aliyekonda, kwa sababu chini ya ngozi hakuna mafuta ya kuirudisha. Gusa fizi. Zikiwa kavu na zinanata, maji yamepungua. Bonyeza ufizi kwa kidole kisha uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe ni dalili ya kupungukiwa damu, na mara nyingi chanzo ni kupe, viroboto au minyoo ya safura. Mkojo wa rangi ya chai nzito kwa mbwa aliyejaa kupe ni dharura, usingoje kesho.

Maumivu makali kuliko yote huletwa na parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa. Mtoto wa mbwa anakuja akicheza, na ndani ya wiki mbili anakataa chakula, anatapika, anaharisha damu yenye harufu kali. Virusi alikuja navyo, au alivikuta uani, kwani huweza kukaa kwenye udongo mwaka mzima. Asipotibiwa, uwezekano mkubwa atakufa. Akiwahi kuwekewa maji ya mishipa na kuuguzwa vizuri, wengi hupona. Sabuni ya kawaida haiviui virusi hivi. Ondoa uchafu wote kwanza, kisha sakafu imwagiwe dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, ibaki na unyevu dakika 10. Kwenye udongo dawa hiyo haifanyi kazi, kwa hiyo aliyefiwa na mtoto wa mbwa asilete mwingine asiyemaliza chanjo. Na chanjo moja haitoshi. Kinga aliyopata kutoka kwa mama huizuia chanjo isishike, na hakuna anayeweza kuona kwa macho siku kinga hiyo inapoisha. Ndiyo maana huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi atimize wiki 16. Mgeni yeyote atengwe na wanyama wengine siku 14, bakuli lake na kitambaa chake visichanganywe na vya wenzake.

Kichaa cha mbwa hakina mjadala: chanjo akifikisha miezi 3, irudiwe baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya daktari. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Paka ana mambo yake. Mpe chumba kimoja tu mwanzoni, chenye boksi la kujificha, na maji yawe mbali na sanduku la mchanga analojisaidia. Idadi ya masanduku iwe ya paka wote, ongeza moja. Asipokula siku 2, mpeleke kwa daktari, kwa kuwa mafuta huanza kujazana kwenye ini na kuliharibu, hasa kwa paka mnene. Usimpake dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrin, wala usimpe paracetamol hata kipande. Zote mbili huua paka.

Mwezi wa kwanza mbwa asiachiwe kamba nje, hata kama uani kuna uzio. Anayekimbia kwa hofu haitiki jina alilopewa juzi.

Malipo yake yapo, na ni makubwa, ila huja kimyakimya. Mbwa aliyekuwa akilala amekaza misuli, jicho moja wazi, siku moja analala ubavu, miguu ameinyoosha, na mtu anampita asishtuke. Wengine hawafiki hapo. Wapo watakaoogopa wanaume maisha yao yote, na wapo wazee ambao figo zao zimechoka hata kabla hawajapata kwao. Kumchukua wa namna hiyo ni kukubali kwamba mtakuwa pamoja miezi, pengine si miaka, na kwamba huenda wewe ndiye utakayemwomba daktari ampumzishe.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanaowatoa wanyama hawa. Kila mmoja aondoke na karatasi yenye tarehe na aina ya kila chanjo, siku aliyopewa dawa ya minyoo na siku ya kuirudia, chakula alichozoea, kama ameshatolewa uzazi au bado, na kama amewahi kuuma, katika mazingira gani. Hilo la kuuma lisifichwe ili mnyama apate mwenyewe upesi. Paka jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi 4, basi tarehe ya upasuaji nayo ipangwe kabla hajaondoka, siyo iachwe kwa ahadi ya mdomo.

Mhudumu wa wanyama waliookolewa