Miti Yenye Mapango Isikatwe Ovyo

Mhariri,

Katika vijiji vinavyopakana na Msitu wa Kakamega, mti mzee uliotoboka shina ndio huwa wa kwanza kukatwa kwa kuni au makaa, kwa hoja kwamba umeoza na hauna faida tena. Naomba nafasi nieleze kwa nini popo wanaokula wadudu huihitaji miti ya namna hiyo, tena si mmoja bali mingi iliyo karibu karibu.

Pango la mti huanza tawi linapovunjika na kuvu kuingia kuozesha moyo wa shina, na huenda ikapita miongo kadhaa kabla halijatosha kuhifadhi popo. Wapo sungusungu wanaojenga humo ambao, tofauti na mchwa, hawali mbao, bali huitafuna sehemu iliyolainika na kuitupa nje ikiwa ungaunga, na kwa kufanya hivyo hupanua nafasi. Siafu ni habari nyingine. Msafara wao ukipanda shina na kulifikia pango, popo mzima anaweza kuruka akajiokoa, lakini kinda asiyejua kuruka hana ujanja asipobebwa na mama yake, na popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi. Wengi wa popo wa mitini huhamahama, wengine kila baada ya siku chache, jambo linalowasaidia kuwakwepa maadui na wadudu wanyonyao damu. Popo aliyebakiziwa pango moja hana pa kuhamia siku siafu wanapofika.

Baadhi ya popo, hasa wale wadogo ambao mkia umechomoza nje ya utando wa ngozi ulio kati ya miguu, huingia chini ya mabati ya nyumba na madarasa, nasi tukaanza kulalamikia harufu na kinyesi. Hao hao hula mbu, nondo na hata kumbikumbi (ingawa sisi tunaowakaanga hatuna haki ya kuwaonea wivu).

Kwa hiyo nawasihi wenye mashamba, na maofisa wanaoweka alama kwenye miti ya kukatwa, wauache mti wenye pango isipokuwa umeinamia nyumba au njia. Ikibidi ukatwe, usikatwe wakati popo wana watoto, na mtu yeyote asitie mkono ndani wala kuwashika popo kwa mikono mitupu, kwa kuwa wanaweza kuwa na magonjwa.

Msomaji wako,
Kakamega