Risala ya kikundi chetu cha wagonjwa wa saratani kwa mgeni rasmi: tunaomba jokofu la dawa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu, viongozi wetu wa dini, madaktari na manesi, wagonjwa wenzetu pamoja na ndugu mliokuja nao kutoka wilayani, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Tunakushukuru sana kwa kukubali kuja, tunajua ratiba yako imebana na kuna shughuli kubwa kuliko hii zilikuwa zinakuhitaji leo.

Mheshimiwa, kikundi chetu kilianzia kwenye benchi la kliniki, watu wachache tulikuwa tunakutana palepale kila tarehe ya dawa tukaona bora tuanze kuchangiana nauli. Leo tumesajiliwa halmashauri, tuna katiba, tuna akaunti benki, na mafanikio ni makubwa kwakweli: elimu ya saratani tumeifikisha makanisani, misikitini na minadani mpaka hamna mtaa hapa mjini ambao haujasikia habari zetu, chumba cha kusubiria tumekipaka rangi na kukiwekea feni, na mfuko wetu wa nauli umekuwa wa mfano kwa vikundi vingine vyote. Tungeweza kueleza mengi ila tunaomba muda uliobaki tuutumie kwa jambo moja tu.

Jambo lenyewe ni jokofu la dawa.

Wengi wetu hapa tunaugua saratani ya Kaposi, ile inayotoa mabaka ya rangi ya zambarau au meusi miguuni, mdomoni, na ikizidi inaingia mpaka kwenye mapafu. Jina limetokana na daktari Moritz Kaposi aliyeieleza huko Vienna mwaka 1872, na huku Afrika Mashariki ilikuwepo hata kabla ya UKIMWI, ila VVU vilipoingia ndo ikawa nyingi sana. Tiba ya kwanza kwa mwenye VVU ni ARV, hilo tunalirudia kila kikao na hatutaki mtu aache vidonge vyake eti anasubiri sindano. Lakini ugonjwa ukishasambaa ARV peke yake haitoshi, inabidi na kemo.

Sasa kuna kemo inaitwa doksorubisini, ile nyekundu mnayoiona kwenye dripu. Ni dawa nzuri inayoua saratani, ila ikiingia kwenye damu ni kama mvua, hainyeshi shamba moja, inafika mpaka kwenye moyo na moyo ukishaharibika kwa dawa hii mara nyingi haurudi ulivyokuwa. Ndo maana wataalamu, akina Barenholz na Gabizon kule Jerusalem, wakakaa miaka wakitafuta namna ya kuifungia dawa hiyohiyo ndani ya viputo vidogo vya mafuta vinavyoitwa liposomu. Mwaka 1995 Marekani wakaiidhinisha, ikawa dawa ya kwanza ya nano ya saratani kuruhusiwa kule, na mheshimiwa tunaomba ulishike hili, ugonjwa wa kwanza kabisa iliyoruhusiwa kuutibu ulikuwa huu huu wa Kaposi. Haikuanza kwa magonjwa ya matajiri halafu sisi tukapewa mabaki, ilianza na ugonjwa wetu.

Tukisema nano tunamaanisha udogo. Kiputo kimoja kina upana wa nanomita 80 mpaka 100 hivi, yaani inabidi upange karibu elfu moja ndo ufikie unene wa unywele mmoja, na humo ndani zimejazwa molekuli za dawa zaidi ya 10,000. Kwa nje kimepakwa kitu kinaitwa PEG ili askari wa mwili wasikitambue haraka na kukila, kwahiyo kinazunguka kwenye damu siku kadhaa wakati dawa ya kawaida inaondoka kwenye damu ndani ya muda mfupi tu. Mishipa ya damu ya uvimbe wa saratani inajengwa harakaharaka na mwili, ina nyufa, na wataalamu wa Kijapani Matsumura na Maeda waliandika mwaka 1986 kwamba molekuli kubwa kama za protini zinapenya kwenye nyufa hizo na kubaki humo, na viputo hivi vinafuata njia hiyohiyo. Mishipa ya moyo haina nyufa hizo, kwahiyo moyo unapata dawa kidogo. Hatusemi ni muujiza, uvimbe mwingine hauvuji hivyo na dawa hii ina madhara yake, viganja na nyayo zinauma na kubabuka, mdomo unatoka vidonda. Ila mtu anayeweza kurudi shambani bila moyo kuchoka, huyo amepona na maisha yake pia. Shirika la Afya Duniani limeshaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya Kaposi, na siku hizi zipo zinazotengenezwa India ambazo bei yake ni nafuu kuliko ya mwanzo. Mwaka 2012 Marekani wenyewe walipoishiwa waliagiza ya Sun Pharma ya India, kwahiyo mtu asituambie ya India ni dawa ya maskini.

Shida, mheshimiwa, viputo hivi vinataka ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8. Vikipata joto muda mrefu vinaharibika, na havitakiwi kabisa kuganda kwasababu barafu inaweza kupasua kile kiputo na dawa ikamwagika nje, ukiiyeyusha macho yako huenda yasikuonyeshe tofauti yoyote ila ile nano iliyolipiwa inaweza kuwa imeshakufa, na mgonjwa anaweza kuwekewa kitu ambacho hakina tena ule ulinzi wa moyo.

Sasa tunaomba tuseme kwa heshima zote. Mgeni rasmi aliyetangulia, akiwa amesimama hapohapo uliposimama, alituahidi jokofu la dawa. Tulipiga makofi sana. Tukaandika barua ya kukumbusha tukaambiwa lipo kwenye mchakato, tukaandika nyingine tukaambiwa bajeti imepita subirini mwaka wa fedha unaofuata, na baada ya kusubiri sana likaletwa friji la nyumbani la mlango mmoja, lile lenye kichumba cha barafu juu. Tulilipokea na picha zikapigwa na tulishukuru kwa moyo kwasababu hatukujua. Ni friji zuri kwa maziwa na maji ya kunywa, ila huko nyuma linagandisha, umeme ukikatika linapata joto na umeme ukirudi linaganda tena, na halina kipimo cha kuonyesha usiku limefika nyuzi ngapi.

Ndani ya friji hilo ndo iliharibikia dozi ya mama mmoja mwenzetu. Ndugu zake walichangishana kwenye ukoo, wakauza na mbuzi, dawa ikanunuliwa Dar ikasafirishwa kwenye kibebeo chenye barafu usiku kucha dereva wa basi akishirikiana nao vizuri kabisa, ikafika salama. Asubuhi ya kuwekewa, mfamasia akaikuta imegandia kwenye ukuta wa nyuma. Alikataa kuitoa na alifanya sahihi, tunamsifu hapa mbele yako. Ila yule mama alirudi nyumbani bila dawa na hatuna namna ya kuieleza ile siku zaidi ya hapo. Hatumlaumu mtu. Tunasema tu kwamba ahadi ilitimizwa nusu, na nusu ile ndo iliyotugharimu.

Tangu hapo kila anayeandikiwa dawa hii inabidi aende Dar kila baada ya wiki tatu, yeye na wa kumsindikiza, nauli, chakula, pa kulala, na mwingine miguu imevimba hawezi kukaa kwenye siti masaa yote hayo. Wengine wameacha katikati. Mfuko wetu wa nauli tuliousifia pale juu hauwezi kuwabeba wote.

Mtu anaweza kuuliza mbona lipo jokofu la chanjo. Lipo, na ni la watoto, wenyewe wana utaratibu wao na dawa za kemo haziruhusiwi kuchanganywa humo, hatutaki kuwaingilia. Tunachoomba ni la aina hiyohiyo, la kitabibu, linalotunza ubaridi hata umeme ukikatika masaa mengi au linalotumia sola moja kwa moja, lenye kifaa cha kurekodi joto mchana na usiku, lenye kufuli, na liwekwe famasia chini ya mfamasia. Halitakuwa la liposomu peke yake, vinkristini na bleomisini ambazo wagonjwa wa Kaposi wamezitumia miaka yote nazo zinataka nyuzi hizohizo, kwahiyo hata asiyeweza kununua ile ya nano atafaidika. Sisi kikundi tutagharamia mafundi, waya na kuta zitakazotobolewa, hela hiyo tumeshaitenga.

Na tunaomba, mheshimiwa, utuwie radhi kwa hili: safari hii tusingependa ahadi ya kwenye kipaza sauti. Katibu wetu ana karatasi hapo mezani mbele yako, ina sifa za jokofu zilizoandikwa na mfamasia mwenyewe ili lisije likaletwa lingine la nyumbani, ina nafasi ya tarehe, na nafasi ya jina la afisa tutakayekuwa tunampigia simu. Tunaomba uijaze kabla hatujakaribishana chakula.

Tunaomba kuwasilisha.